Kinena kikiuma ukicheza au ukikimbia, usikimbilie kuita ngiri

Nimeona niandike hili kwa kirefu mana pale uwanjani kwetu haipiti wiki sijakuta mtu ameshika kinena anachechemea pembeni ya goli, ukimuuliza vipi anakujibu "ngiri hiyo kaka, imeamka". Huku kwetu neno ngiri limebebeshwa kila mzigo, kiuno kikiuma ngiri, tumbo likiunguruma ngiri, nguvu za kiume zikipungua ngiri, na msuli ukichanika wakati unapiga pasi nayo pia ngiri. Afu mtu anaenda kununua dawa ya chupa, anakunywa, anakaa siku tano bila kucheza, maumivu yanapungua, anaamini dawa imefanya kazi, anarudi uwanjani dakika ya ishirini hiyo hapo tena. Kilichopunguza maumivu ni zile siku tano za kupumzika, dawa haikugusa kitu.

Nayajua haya kwa sababu nimeyapitia miezi mitatu na zaidi. Yangu ilianza Jumapili asubuhi, uwanja wa mchanga, nikanyoosha mguu wa kulia kuukata mpira na ule wa kusimamia ukateleza, nikasikia kitu kimevutika juu kabisa kwa ndani ya paja, pale paja linapoishia. Sikuanguka wala nini, mechi nikamaliza. Usiku ndo nikajua, kila nikigeuka kitandani lazima nishike mguu kwa mkono niusogeze. Asubuhi kuvaa suruali nimesimama haiwezekani, nakaa kwanza. Kupanda daladala natanguliza mguu wa kushoto. Chafya ikinijia nabana magoti natafuta pa kushika. Nikaambiwa ngiri, nikanunua chupa mbili, nikachuliwa kwa maji ya moto na mafuta mpaka paja likawa na alama za bluu, na nikaendelea kucheza kila nikisikia nafuu. Nilivyofika kwa daktari alinichunguza kama dakika kumi akaniambia hamna ngiri hapo, kano, ile kamba inayoshikisha msuli kwenye mfupa, ya misuli ya ndani ya paja lilichanika kidogo siku ile na mimi mwenyewe nimekuwa nikilichana upya kila wiki.

Kwaiyo ninachotaka uondoke nacho ni namna ya kujua panauma wapi, lini ni la kwenda hospitali usiku huohuo, na ukifika useme nini.

Ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo

Naanza na haya mana hayasubiri umalize kusoma.

La kwanza ni korodani kujisokota. Ule mshipa unaoning'iniza korodani unajizungusha wenyewe, damu haipiti, na korodani inaanza kufa. Inawapata zaidi vijana wa miaka 12 hadi 18 ingawa mkubwa pia anaweza. Maumivu yanakuja ghafla, makali, upande mmoja, mara nyingi na kichefuchefu au kutapika, korodani inaonekana imepanda juu au imelala upande, inavimba. Inaweza kuanza uwanjani, baada ya kugongwa na mpira, au kijana yuko usingizini kabisa. Akifika kwa daktari ndani ya saa 6 nafasi ya kuiokoa ni kubwa sana, baada ya hapo kila saa inayopita inapunguza nafasi. Sasa shida yetu ni aibu. Kuna mtoto mtaani kwetu alirudi kutoka mpirani jioni akamwambia mama yake tumbo linauma, hakutaka kutaja panapouma kweli, akapewa panadoli akalala, asubuhi ndo baba yake akaja kujua, wakaenda, korodani moja ikatolewa. Mzazi, kijana wa kiume akikwambia tumbo la chini au kinena kinauma ghafla na anatapika, muulize na korodani kwa jina lake, mwambie hakuna wa kumcheka, na umpeleke saa hiyo. Msikae kusubiri kukuche.

La pili ni ngiri ya kweli, yaani utumbo kutokeza kwenye tundu la ukuta wa tumbo, ikibanwa. Kama ulikuwa na kinundu kinenani kinachotoka ukisimama au ukibeba mzigo na kurudi ukilala, afu siku hiyo kimegoma kurudi, kimekuwa kigumu, kinauma, unatapika, tumbo limejaa, hupati choo wala kujamba, huo ni utumbo umekwama na unakosa damu. Usikisukume kwa nguvu, usikichue, usinywe dawa ya kuharisha. Nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji.

Kwa dada zetu, maumivu makali upande mmoja chini ya tumbo yanayoshuka kinenani, na hedhi imechelewa, au unatokwa damu kidogo, au unasikia kizunguzungu, inaweza kuwa mimba imetunga nje ya kizazi na damu inavujia ndani. Hata kama ulikuwa mazoezini usidhani ni msuli. Mengine ya haraka: umeanguka na huwezi kukanyaga kabisa, au mtoto ana homa na nyonga inauma hataki hata uuguse mguu wake.

Kinena ni wapi hasa

Kinena ni lile eneo ambapo tumbo linakutana na paja, pale penye mkunjo ukiinua goti, pamoja na mfupa wa mbele juu ya sehemu za siri. Padogo tu lakini pana msongamano: kano za misuli ya ndani ya paja zinashikia hapo, misuli ya tumbo inaishia hapo, msuli unaonyanyua goti unapita hapo, kiungo cha nyonga kiko nyuma yake, na kuna njia ambayo kwa mwanaume mishipa ya korodani inapitia kutoka tumboni, ambayo ndo mlango wa ngiri. Ndo mana hata madaktari walikuwa wanapishana majina. Novemba 2014 wataalamu 24 kutoka nchi 14 walikutana Doha kule Qatar wakakubaliana wagawe maumivu ya kinena ya wanamichezo kwa kufuata panapouma: misuli ya ndani ya paja, msuli wa kunyanyua goti, njia ya kinena, mfupa wa kinena wenyewe, na kiungo cha nyonga. Mgawanyo huu ni mzuri kwetu mana hauhitaji mashine, unahitaji kidole.

Papasa mwenyewe

Lala chali, kunja magoti, nyayo chini. Tumia kidole kimoja, sio kiganja chote, mana kiganja kitakwambia "panauma hapa kote" na hiyo haimsaidii mtu.

Anza ndani ya paja panda juu polepole mpaka ukutane na mfupa. Kama pale kamba ngumu inapogusa mfupa ndo unaruka, hiyo ni misuli ya ndani ya paja. Hakikisha kwa kuweka ngumi yako, au mpira, kati ya magoti na ubane. Maumivu yakija palepale ulipopapasa, karibu umeshapata jibu. Hii ndo inayotusumbua zaidi sisi wa mpira, kwa sababu ya pasi za ndani ya mguu, kugeuka ghafla na kunyoosha mguu kwenye ukabaji.

Kama inauma mbele ya mkunjo, juu ya paja, na ukinyanyua goti huku mtu amelizuia kwa mkono inauma zaidi, ni msuli wa kunyanyua goti. Wakimbiaji na wapiga mashuti wanaujua. Kama inauma katikati kabisa, juu ya mfupa wa kinena, hapo ni mfupa wenyewe na maungio yake, na mama mjamzito naye anaweza kuumwa hapohapo akipanda ngazi au akigeuka kitandani, hiyo amwambie nesi wa kliniki, asivumilie tu.

Sasa ngiri. Simama, weka vidole viwili juu kidogo ya mkunjo, upande unaouma, kohoa kwa nguvu. Ukisikia kitu kinagonga vidole, au ukiona uvimbe unatokeza na ukilala unapotea, hapo ndo neno ngiri linapata haki yake. Wanaume wanaipata zaidi, lakini wanawake wana aina yao inayotokea chini kidogo ya mkunjo, kwenye paja, na hiyo inabanwa kirahisi, kwaiyo dada ukiona kinundu hapo usichelewe. Dawa ya kunywa haiwezi kuziba tundu kwenye ukuta wa tumbo. Ngiri inayokusumbua inatibiwa kwa upasuaji, wanarudisha kilichotoka na kuimarisha ukuta, mara nyingi kwa kushonea wavu. Watu wengi wanaogopa gharama za huo wavu, na kuna jambo lilifanyika jirani zetu Uganda mashariki ambalo linatia moyo: wanaume 302 walifanyiwa upasuaji, nusu kwa wavu wa kiwandani wa bei kubwa na nusu kwa kitambaa cha chandarua kilichosafishwa kihospitali, matokeo yakachapishwa 2016, na mwaka mmoja baada ya upasuaji hapakuwa na tofauti ya maana. Sio kwamba ukate chandarua chako nyumbani, lakini muulize daktari wako kuhusu aina za wavu na bei, usiache upasuaji kwa kudhani huwezi.

Na ule uvimbe wa maji kwenye pumbu, busha, watu wa pwani kuanzia Tanga mpaka Mtwara mnaujua, huo sio ngiri ya utumbo ingawa wengi wanaita ngiri maji. Nao una upasuaji wake, na sio mkubwa.

Mtoki je? Hizo ni tezi zimevimba, unazipapasa kama maharage chini ya ngozi. Angalia mguu kwanza, kidonda cha kidole, fangasi kati ya vidole, lengelenge la kiatu, mana mara nyingi zinavimba kwa sababu ya kidonda cha chini. Pia magonjwa ya zinaa. Zikikaa zaidi ya wiki mbili tatu au zikiendelea kukua, kapime.

Nyonga inavyojificha

Hapa naomba utulie mana ndo watu wanaumia bila kujua. Kiungo cha nyonga kikiwa na tatizo maumivu hayaji kwenye makalio kama wengi wanavyodhani, yanakuja kinenani, na wakati mwingine yanateleza mpaka kwenye goti. Kaa kwenye kiti, mtu akushike kifundo cha mguu aupeleke nje na ndani polepole huku goti halihami. Kama kuzungusha hivyo kunakuletea maumivu ndani ndani kinenani au kumekakamaa kuliko upande wa pili, usihangaike na mazoezi ya misuli, katafute eksirei.

Watu watatu nawaombea haraka hapa. Mtoto wa miaka 10 hadi 16, hasa mwenye mwili mkubwa, anayechechemea na kulalamika goti ambalo ukilipapasa halina kitu: kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kinateleza kwenye nyonga, na kila siku anayoendelea kukanyaga kinateleza zaidi. Mwenye selimundu anayeumwa kinena, damu inaweza kuwa haifiki vizuri kwenye kichwa cha mfupa wa paja na mfupa unakufa polepole, asidhani ni maumivu yake ya kawaida. Na mkimbiaji wa masafa marefu, au kijana aliyeanza mafunzo ya kijeshi akapandishiwa mbio na mizigo ghafla, au dada anayefanya mazoezi makali mpaka hedhi imekata. Akianza kusikia maumivu kinenani yanayoongezeka kadiri anavyokimbia, yakiisha akipumzika, baadaye yakaanza kuja hata akitembea na usiku, na akiruka kwa mguu mmoja yanachoma, huo unaweza kuwa ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja. Aache kukimbia siku hiyohiyo. Eksirei ya wiki za mwanzo inaweza isionyeshe kitu, kwaiyo amwambie daktari historia yote ya mbio zake, asirudi barabarani kwa sababu tu picha ilikuwa safi. Ufa ukiachwa mfupa unavunjika kabisa.

Siku za kwanza kama ni msuli

Acha kucheza palepale. Usimalizie kipindi. Barafu ifunge kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku, siku mbili tatu za mwanzo. Usichuliwe kwa nguvu wala kukandwa kwa maji ya moto siku hizo, ndani panavuja damu na unazidi kuivujisha. Usivute mguu kuunyoosha eti ulainike, hilo ndo kosa nililofanya mimi kila asubuhi, kano lililochanika haliponi kwa kuvutwa. Tembea kawaida kwa kiasi ambacho hakiumi. Panadoli inatosha kwa wengi. Zile diklofenaki za kumeza kabla ya mechi ili usisikie achana nazo, zinaziba maumivu ambayo ndo breki yako na zinaharibu tumbo na figo kwa anayezitumia ovyo.

Mchaniko mdogo unaweza kukutaka wiki 2 hadi 3, wa kati wiki 6 hadi 8, mkubwa miezi. Kama baada ya wiki mbili za kupumzika kweli hamna nafuu, au maumivu yanarudi kila ukirudi uwanjani, au hujui hata yameanzaje, nenda kwa daktari.

Ukienda hospitali

Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, hasa kama unatumia bima, mana hospitali kubwa watataka barua ya rufaa. Lakini kwa yale ya saa hiyohiyo niliyoyataja mwanzo usianze na foleni ya zahanati, nenda moja kwa moja panapopasuliwa.

Andika kwenye karatasi au simu kabla hujatoka nyumbani, ukiwa mbele ya daktari utasahau: ilianza lini, ulikuwa unafanya nini, ghafla au polepole, ukionyesha kwa kidole kimoja panauma wapi, inaongezeka kwa kukimbia, kupiga mpira, kukohoa au kukaa muda mrefu, inakuamsha usiku au hapana, kuna uvimbe, homa, kukojoa kunachoma, mkojo una damu, uchafu unatoka sehemu za siri, umepungua uzito. Mawe ya figo yanaanzia ubavuni na kushuka kinenani kwa mawimbi, na magonjwa ya zinaa kama gono au klamidia yanaweza kuvimbisha mirija ya korodani ukadhani ni msuli, kwaiyo akikuuliza mambo ya ndani mjibu ukweli. Taja na dawa zote ulizokunywa, hata za chupa.

Usimwambie "nina ngiri". Mwambie "panauma hapa nikifanya hivi", mwachie yeye atoe jina.

Vaa nguo rahisi kuvua, mana kinena hakichunguzwi juu ya suruali. Daktari wangu aliniambia nilale, akaweka ngumi yake kati ya magoti yangu, akasema bana, nikabana nikaruka, akasogeza ngumi chini kwenye vifundo akasema bana tena. Akazungusha nyonga. Akanisimamisha, akapapasa njia ya kinena, kohoa, tena. Akaangalia korodani. Dakika kumi. Kama umeandikiwa ultrasaundi au dawa na hakuna aliyekugusa unapoumwa, una haki ya kusema kwa heshima "daktari naomba unichunguze panapouma". Dada una haki ya kuomba daktari mwanamke au nesi awepo chumbani. Na ukiandikiwa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, usiione kama ni ya wazee wa kiharusi, kwa tatizo hili ndo dawa yenyewe.

Mazoezi ya kurudi

Wadenmark mwaka 1999 walitoa matokeo ya wanamichezo 68 waliokuwa na maumivu sugu ya misuli ya ndani ya paja. Kundi moja lilipewa mazoezi ya kuimarisha, lingine likapewa kuchuliwa, kunyooshwa na mashine. Wa mazoezi 23 walirudi michezoni bila maumivu, wa kuchuliwa 4 tu. Hiyo ndo sababu nasema mwache mchuaji.

La kuanzia ni lile la mpira. Lala chali, mpira kati ya nyayo, miguu imenyooka, bana sekunde 30, achia, rudia mpaka 10. Afu kunja magoti, mpira kati ya magoti, vilevile. Siku moja fanya, inayofuata pumzika. Maumivu madogo yanayoisha baada ya zoezi sawa, yakibaki mpaka kesho yake punguza nguvu. Ongeza kulala ubavu na kunyanyua mguu wa chini, na mazoezi ya tumbo. Kwa maumivu ya muda mrefu hesabu wiki 8 hadi 12, sio siku.

Kukimbia kunarudi kwa ngazi. Kutembea haraka bila maumivu kwanza, afu kukimbia taratibu kwa mstari ulionyooka, afu kuongeza kasi, afu kukata kona, afu pasi fupi, na mashuti ya nguvu na krosi mwisho kabisa. Ngazi ikiuma rudi iliyopita ukae siku mbili.

Ukishapona kuna zoezi moja la kuzuia lisirudi, linafanywa wawili wawili. Unalala ubavu umejiinua kwa kiwiko, mwenzio anashika mguu wako wa juu kwenye goti na kifundo usawa wa kiuno chake, wewe unanyanyua mwili wote mpaka unyooke huku mguu wa chini ukiuleta juu ukutane na mwenzake, afu unashuka polepole. Ukianza usifanye zaidi ya matano kila upande, na mwenzio akushike karibu na goti ndo rahisi. Timu za wanaume Norway zilizolifanya msimu mzima matatizo ya kinena yalipungua kwa asilimia 41, matokeo yalitoka 2019. Wao walifanya mara 2 hadi 3 kwa wiki kabla ya ligi na mara 1 kwa wiki ligi ikianza. Sisi tunalifanya Jumanne na Alhamisi jioni, kabla mpira haujashuka, halizidi dakika tano kwa watu wote, na kipa naye haachwi nje, mana kipa ndo anayenyoosha miguu kuliko sisi wote.